Swichi ya Kabati la Mashuka

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Wenzangu kazini wananijua: mtu akija mbio na habari zake za ajabu, mie humuuliza kwanza kama kachomeka waya. Basi nikisema kwamba siku ile nilikaa mbele ya kompyuta mdomo wazi, chai ikapoa na kitumbua kikabaki mkononi, niaminiwe.

Kazi yangu ni ufundi wa mtandao. Ofisi yetu iko Mji Mkongwe, juu ghorofani katika nyumba ya zamani ambayo kuta zake ni nene hata simu inashika kwa kubembelezwa, na tunachofanya ni kuviunganisha vituo vya afya vya kisiwa hiki na hospitali ya mjini. Kila kituo kina visanduku vidogo vya chuma, vina matundu ya kuchomekea nyaya na vitaa vinavyopepesa. Hizo ndizo swichi. Swichi inapokea habari kutoka mashine moja na kuifikisha nyengine, na ikizima, kila aliyechomekwa humo anakatika na ulimwengu. Kwa hivyo swichi lazima ziangaliwe saa zote, na sisi, nasema wazi, tulikuwa tunaziangalia vibaya.

Programu ya kuziangalia tulikuwa nayo. Lakini ilikuwa na roho mbaya programu ile. Kila swichi ilikutaka uiandikie mwenyewe kwa mkono: anwani yake, aina yake, neno lake la siri, halafu kila tundu na jina lake, na tundu hilo limeungana na kitu gani. Ukikosea herufi, inanyamaza. Haikwambii umekosea wapi, haikwambii hata kama umekosea, inakutazama tu. Nimeitukana matusi ambayo mama yangu hajui kama nnayajua. Tukajitahidi tukaandika swichi za hospitali, za Jang'ombe na za Mwanakwerekwe, tukaandika na ile moja kubwa ya kila kituo cha shamba, na zilizobaki tukawa tunasema tutaziandika wiki ijayo. Kila wiki ilikuwa na wiki ijayo yake.

Sasa, kuna kituo kimoja kusini, mbali, karibu na vijiji ambavyo wanawake wake wengi wanalima mwani. Kituo hicho kiliwahi kuletewa mashine ya ultrasaundi, ya kumtazama mtoto akiwa bado tumboni. Mkunga wa pale alifundishwa kuipitisha, lakini kuzisoma picha ni kazi ya daktari, na daktari yuko mjini. Basi wakapanga: kila Alkhamisi mchana daktari anakaa mbele ya kompyuta yake mjini, mkunga anapitisha mashine kule, picha zinakuja kwa mtandao, daktari anazisoma na kuzungumza nao kwenye kioo cha mashine hiyo hiyo. Kabla ya hapo wanawake wale walikuwa wanakuja mjini na matumbo yao, na wengine hawaji kabisa mpaka mambo yameshaharibika.

Mkunga huyo nilisoma naye skuli moja. Ndiyo maana alinipigia mimi, hakupiga ofisini.

Mashine ilikuwa inamtia aibu. Kila Alkhamisi daktari akishakaa tu, mara mtandao unakata. Wanawake wamejaa barazani, daktari anaita, hakuna jibu. Baadaye, daktari keshaondoka kwenda wodini, mtandao unarudi wenyewe. Mafundi wetu walikwenda mara nyingi, wakakuta kila kitu kizima, wakanywa madafu wakarudi. Na kwenye programu yetu taa ya kituo kile ilikuwa kijani siku zote, maana swichi yao kubwa haikuzima hata mara moja. Kijani ofisini, kilio kule. Watu wakaanza kusema kwamba mkunga hajui kuitumia mashine, na katika mkutano mmoja mtu alilisema hilo huku anacheka, nikamtazama mpaka akaacha kucheka.

Mkuu wetu si mtu mbaya. Alikuwa amechoka na malalamiko tu. Akaamua mashine ihamishwe, ipelekwe kituo chengine chenye mtandao wa kuaminika, na gari ya kwenda kuichukua akaipanga kwa Jumamosi ya wiki iliyofuata.

Mkunga akanipigia jioni nikiwa nyumbani Kikwajuni, nnakuna nazi. Hakulia. Afadhali angelia.

"Shoga," akaniambia, "wakishaichukua mashine hii, wanawake hawa ntawaambia nini? Turudi kubahatisha?"

Nikakuna nazi mpaka nikajikuna na kidole.

Asubuhi yake, Jumatano, nilikwenda kazini na hasira zangu nimezibeba zote. Nikamwambia mkuu nataka kuiona kila swichi iliyopo njiani kutoka hospitalini mpaka mashine ile ilipochomekwa, moja baada ya moja. Akaniuliza kwa upole hiyo kazi ya kuandika ntaimaliza mwaka gani. Nikamwambia leo, kabla ya Alasiri. Akacheka, na kwa kweli alikuwa na haki ya kucheka, maana neno lile nilitamka kwa ghadhabu na hata mwenyewe sikuliamini.

Nilikuwa nimesoma habari za programu mpya ambayo haitaki kuandikiwa. Unaipa anwani ya swichi moja tu na neno la siri la kusomea, basi, zilizobaki inazitafuta yenyewe. Niliposoma mara ya kwanza nilisonya, nikasema hawa nao wanauza maneno. Lakini siku ile sikuwa na pa kushika. Swichi zetu zote zilikuwa na neno la siri moja, lile la kiwandani ambalo mafundi waliozifunga hawakulibadilisha, jambo ambalo nimelilalamikia siku nyingi na ambalo siku ile nilimshukuru Mungu kwa ajili yake. Nikaiweka programu, nikaandika anwani ya swichi ya hospitali, nikabonyeza, nikamimina chai.

Kwanza ikatokea duara moja katikati ya kioo. Swichi ya hospitali. Hiyo naijua, nikasema, sasa tuone. Mara pembeni yake likatokea la pili, na mstari ukajichora baina yao. Halafu la tatu. Halafu yakawa yanatoka pande zote, wodi ya wazazi, maabara, Jang'ombe, Mwanakwerekwe, majina ya vituo tulivyovifunga miaka ambayo sikuwa hata nimeajiriwa, kila moja na matundu yake na nyaya zake, na mimi sijagusa kitu. Subhanallah. Nilisimama. Nikakaa. Nikasimama tena.

Nikasoma inafanyaje, na hapo ndipo mwili ulinisisimka. Kumbe kila swichi, kila baada ya muda mfupi, hutoa salamu kupitia kila tundu lake. Mimi ni fulani, nimeungana nawe kwa tundu fulani. Na ya upande wa pili inasikia na inakumbuka. Programu haikufanya la ajabu zaidi ya kuiuliza ya kwanza, jirani zako kina nani? Ikaambiwa. Ikaenda kwa jirani ikauliza hivyo hivyo, ikaendelea hodi kwa hodi mpaka mwisho wa kisiwa. Miaka yote ile tunahangaika kuandika, wao wanasalimiana usiku na mchana ndani ya kuta na juu ya dari, wanajuana wote, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuwauliza. Niliona haya, halafu haya ikaondoka nikabaki kustaajabu tu.

Adhana ya Adhuhuri iliingia dirishani kutoka misikiti ya jirani, na kwenye kioo mistari inayoonesha pirika za mtandao ikaanza kushuka, ofisi baada ya ofisi, kituo baada ya kituo. Watu wanaacha kompyuta wanakwenda kutawadha. Baadaye ikapanda tena, polepole, kwa mpango ule ule. Niliwaita wenzangu waje waone. Walikuja wakasimama nyuma yangu, hata yule aliyemcheka mkunga.

Mwisho kabisa wa ramani, kusini, palikuwa na kituo kile. Swichi yake kubwa, ile ya kijani. Na nyuma yake, imejificha, swichi nyengine ndogo ambayo haina jina ila lile la kiwandani.

"Hiyo nani kaiweka?" mkuu akauliza.

Hakuna aliyejua. Lazima ni wale walioileta mashine, waya haukufika chumbani wakaongeza swichi katikati, wakaondoka zao bila kumwambia mtu. Nikaibonyeza. Katika matundu yake, ukiacha lile la kuungana na swichi kubwa, lilikuwapo moja tu lenye kazi, na aliyechomekwa humo alikuwa ni ultrasaundi.

Kesho yake ilikuwa Alkhamisi. Nilikaa na swichi ile ndogo tangu asubuhi, kwani programu ilikuwa inanionesha mpaka joto la ndani yake. Asubuhi yote mstari wa joto ulilala. Watu waliposwali Adhuhuri, ukaanza kupanda. Ukapanda, ukapanda, nikawa naufuata kwa kidole kwenye kioo, na daktari aliposalimia tu upande wa pili, swichi ikajizima yenyewe kujiokoa. Baadaye ikapoa, ikarudi. Mimi nilipiga makofi. Watu wakanitazama kama nimerukwa na akili, na mkunga kule masikini alikuwa anawarudisha wanawake majumbani kwao.

Mkuu alikiri. Akasema basi, tumeona, mkunga hana makosa, swichi inazima kwa joto. Lakini joto la nini? Jua? Siku zote jua, kwa nini Alkhamisi tu? Sikujua. Akasema Alkhamisi inayokuja ikizima tena, gari ya Jumamosi inakwenda kama ilivyopangwa, maana yeye hawezi kuwafanya kina mama wangoje fumbo letu. Sikumlaumu.

Jumatatu nikachukua gari ya ofisi nikaenda. Mkunga alinipokea kwa kunikumbatia, tukaingia chumba cha uchunguzi. Swichi hakuwahi kuiona. Tukaufuata waya kutoka kwenye mashine, ukapita nyuma ya kitanda, ukapanda ukutani, ukaingia kwenye tundu lililotobolewa ubavuni mwa kabati la mbao. Kabati la mashuka. Nikafungua mlango.

Ee bwana wee. Udi! Harufu ilinipiga usoni, udi wa maana, ule unaotolewa siku za harusi. Mashuka yamekunjwa yamepangwa, meupe, na nyuma yake, rafu ya juu, swichi yangu imekaa inapepesa vitaa. Chini kabisa palikuwa na chetezo cha udongo chenye jivu.

Nikauliza hiki nani kakiweka hapa, na sauti yangu haikuwa nzuri. Mhudumu wa kituo akaja, mama wa makamo ya bibi yangu, ndiye anayefagia na kufua. Nikamwamkia, akaitikia. Alizungumza Kimakunduchi cha ndani, na mwanzo nilikuwa nashika nusu nusu mpaka aliponihurumia akapunguza mwendo. Akaeleza kwamba chetezo ni chake. Kila Alkhamisi baada ya sala anatia makaa na udi, anakiweka chini ya kabati na kufunga mlango, ili mashuka yashike harufu kabla hayajatandikwa. Anafanya kama anavyofukiza nguo zake za sikukuu.

"Kwa nini Alkhamisi?" nikamuuliza.

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye nisiyejua mambo.

"Si ndo siku anayokuja daktari?"

Nikamwambia, bibi, daktari haji. Daktari yuko mjini, anaonekana kwenye kioo tu.

"Tunamuona, anatuona, anatuamkia," akasema. "Mtu mzima yule, na elimu yake. Aingie chumba kinanuka dawa?"

Mie nna ulimi, kila mtu anajua. Njiani nzima nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumwambia nitakayemkuta na kosa. Yote yaliniruka. Miaka yote nnafunga nyaya ili watu waonane wakiwa mbali, sikuwahi kufikiri hata mara moja kwamba yule anayetokea upande wa pili ni mgeni kaingia ndani, na mgeni huandaliwa. Mama yule alilijua bila ya kufundishwa na mtu. Nilishika shuka moja nikalinusa, na machozi yakanilenga, na sikujali mkunga kuniona.

Tulipomfahamisha kwamba moshi na makaa yake ndiyo yaliyokuwa yanakizimisha kisanduku, akaanza kuapa kwamba hakujua, hatofukiza tena, chetezo atakitupa. Aliogopa atasemwa kwamba kaharibu mashine ya watu na wanawake wote wakakosa kwa sababu yake.

"Bibi," nikamwambia, "udi wako uwache pale pale. Kinachohama ni hiki kisanduku."

Nikakishusha. Nikakipangusa masizi, na ndani yake kulikuwa na masizi mpaka kwenye feni yake ndogo ya kupozea. Nikaenda kukipigilia ukumbini, juu, karibu na dirisha penye upepo, nikavuta waya mpya kutoka kwenye bunda langu la garini. Mama yule akanishikia ngazi muda wote, anasoma dua chini kwa chini. Kwenye simu yangu nikakitazama kikirudi kwenye ramani na joto lake dogo. Kikasalimia jirani yake mara moja.

Lakini Jumatatu si Alkhamisi. Nilirudi mjini bila ya uhakika.

Alkhamisi ile mkunga alinipigia mapema, na mara hii sauti yake ilikuwa imekauka. Kaja mwanamke, mimba yake kubwa, tangu jana hajamsikia mtoto kucheza. Yeye mkunga kasikiliza kwa chombo chake, anasikia kitu, hasikii, hana hakika. Gari ya wagonjwa keshaiita lakini bado iko mbali. Daktari kakubali kukaa kwenye kioo saa ile ile, asingoje mchana.

"Leo kisizime," akaniambia. "Leo, shoga, kisizime."

Nikamwita mkuu. Alikuja akakaa kiti cha pembeni yangu. Kwenye kioo swichi ile ilikuwa inakaa na joto lake lile lile. Nilijua kwamba kule mama yule kashafukiza, maana mgeni kawahi na yeye hawezi kumpokea hivi hivi. Mstari wa joto ulilala. Nikautazama kwa namna ambayo sijawahi kumtazama mtu.

Halafu mstari wa chini, ule wa habari zinazopita kwenye tundu la mashine, ukanyanyuka. Kidogo. Kilima kidogo, kikashuka. Kikanyanyuka tena. Zilikuwa picha zinapita, kutoka kwenye tumbo la mwanamke nisiyemjua, kwenye swichi ya ukumbini, zikipanda kisiwa kizima swichi kwa swichi mpaka kwa daktari, na mimi naziona zinapita na sizioni zina nini ndani yake. Nilikuwa nasema Yaa Rabbi, Yaa Rabbi, sikujua kama nasema kwa sauti mpaka mkuu alipoitikia amin.

Simu ikalia. Nikaiweka wote tusikie.

"Yu hai," mkunga akasema. "Moyo unapiga. Daktari kamuona, kasema mama yake aletwe sasa hivi apasuliwe. Gari ndo inaingia."

Nikamwekea mkuu kidole kwenye kile kilima kidogo, juu ya kioo.

"Huyu ndo yeye," nikasema.

Mkuu alivua miwani akasogea karibu. Akatazama muda mrefu, mzee wa watu, amesaini mikataba ya mitandao maisha yake yote. Halafu akatoa simu yake, akampigia dereva, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba Jumamosi hakuna safari ya kusini, mashine inabaki. Mimi nililaza kichwa juu ya meza nikalia, na wenzangu waliacha nilie.

Mtoto alizaliwa siku ile ile kabla ya Magharibi, wa kike, mzima, na mama yake mzima.

Programu ile huitunza mistari yake kwa muda, kisha huifuta ya zamani ipate nafasi ya mipya. Nimeingia kwenye mipangilio nikaiambia ya asubuhi ile isiifute. Ni mstari tu, una vilima viwili vitatu. Mtu mwengine akiuona hatouona kuwa ni kitu, lakini mie najua kwamba pale palipopanda alikuwa anapita mtu.